Mkutubi Asitoe Kitabu Kimoja

Fasihi yetu imejaa nchi zisizo kwenye ramani. Shaaban Robert aliijenga Kusadikika mwaka 1951 akaiweka angani. Ken Walibora aliandika juu ya Tomoko katika "Kidagaa Kimemwozea", Pauline Kea akaandika juu ya Sagamoyo katika "Kigogo", na Francis Imbuga, mzaliwa wa Maragoli, kusini mwa msitu wa Kakamega, akaipa tamthilia yake ya Kiingereza ya mwaka 1976, "Betrayal in the City", nchi iitwayo Kafira. Ubunifu haukuwa sababu pekee. Ngũgĩ wa Thiong'o alitiwa kizuizini Desemba 1977 baada ya tamthilia aliyoshiriki kuiandika kuchezwa Kamĩrĩĩthũ na watu wa pale pale, juu ya mashamba na viwanda vya pale pale. Miaka kumi baadaye polisi walipita madukani wakikusanya nakala za riwaya yake "Matigari". Mwandishi aliyetaka kulala kwake alijifunza kubadilisha majina ya mahali. Mbinu hiyo imetupatia baadhi ya kazi bora tulizo nazo, lakini ina athari ambayo haizungumzwi sana: kijana wa Isecheno, ukingoni mwa msitu wa Kakamega, anayeazima "Kidagaa Kimemwozea" anaweza kuimaliza, akamcheka Mtemi Nasaba Bora hadi machozi, kisha akairudisha rafuni akiamini kwamba hayo ni mambo ya Tomoko. Ndiyo maana nadai kwamba mkutubi anayependekeza vitabu katika eneo kama hili asitoe kitabu kimoja. Atoe viwili juu ya jambo moja, cha kubuni na cha kweli, na jambo lenyewe litoke mahali msomaji anapoishi.

Dai hili lina dai jingine ndani yake, kwamba kupendekeza ni kazi ya mkutubi. Nchini Kenya si wengi wanaofikiri hivyo. Orodha ya vitabu inayotawala usomaji wetu hutoka katika Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, ikaenda kwa Baraza la Mitihani, kisha kwa wachapishaji, kisha kwa mzazi anayetafuta nakala ya mtumba mwezi wa Januari. Mkutubi yuko mwisho kabisa wa mlolongo huo, akipiga mihuri na kunyamazisha watu. Huduma ya Maktaba ya Kitaifa iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, na Katiba ya 2010 ikaziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Miundo ipo, ila pembeni ya miundo hiyo hakuna anayeuliza mkutubi wa Kakamega angependa nani asome nini. Mhindi S. R. Ranganathan, aliyeandika kanuni za taaluma hii mwaka 1931, alishikilia kwamba kila kitabu kina msomaji wake mahali fulani na kwamba kuwakutanisha wawili hao ndiyo kazi ya maktaba. Kwa kanuni hiyo, ukumbi uliojaa watahiniwa wanaosoma madaftari yao wenyewe ni ukumbi tu wenye viti.

Nianze na jozi ambayo ningeitetea kuliko zote: "Kusadikika" na kitabu cha Priscilla Shilaro juu ya dhahabu ya Kakamega, "A Failed Eldorado", kilichotoka mwaka 2008. Watu wa Isecheno ni Waisukha, na Waisukha pamoja na ndugu zao Waidakho waliishi katikati ya tukio ambalo watoto wao wengi hawalisomi popote. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja aliyekuwa mkulima huku Kenya, L. A. Johnson, alipata dhahabu karibu na Kakamega. Wazungu waliofilisiwa na mdororo wa uchumi wa dunia wakamiminika. Sasa, mwaka mmoja tu kabla ya hapo, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za Waafrika iliyosema kwamba maeneo waliyotengewa yangekuwa yao milele, na kwamba kipande chochote kitakachoondolewa lazima kifidiwe kwa ardhi nyingine yenye thamani sawa, baada ya wenyeji kushauriwa. Ahadi hiyo ilidumu hadi dhahabu ilipoonekana. Desemba 1932 sheria ikarekebishwa ili ardhi ya uchimbaji iweze kutwaliwa bila masharti hayo, na pesa zikachukua nafasi ya ardhi. Mgodi mkubwa wa Rosterman uliendelea hadi mwaka 1952. Shilaro anafuatilia yote hayo kwa nyaraka na kwa ushahidi wa watu, na anaonyesha jinsi utajiri ulioahidiwa ulivyopita juu ya vichwa vya wenye ardhi.

Kwa nini basi kumbebesha msomaji na "Kusadikika" juu ya hayo? Kwa sababu kitabu cha historia kinamwambia sheria ilibadilishwa lini na nani alisaini, lakini sehemu kubwa ya nyaraka zake iliandikwa na maofisa, na humo babu wa msomaji huonekana kama mlalamishi asiye na sura. Shaaban Robert anamweka Karama kizimbani kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria, na utetezi wake wote ni visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita wakarudi na mambo ya kuinufaisha nchi, wakaishia gerezani. Msomaji aliyetoka kwenye Kusadikika akaingia kwenye mwaka 1932 anajua swali la kuuliza: nani hapa alikuwa Karama, na nani alikuwa waziri aliyemshitaki? Na aliyetoka 1932 akaingia Kusadikika hawezi tena kuichukulia nchi ile ya angani kama hadithi ya adabu ya kusomewa darasani. Kuna faida nyingine ya kawaida kabisa: "Kusadikika" ni kitabu chembamba, kiko kwa Kiswahili, na kinapatikana. Kile cha Shilaro ni kinene, kiko kwa Kiingereza cha chuo kikuu, na kinagharimu pesa nyingi. Karibu kila jozi nitakayoitaja ina mgawanyo huo huo. Ubuni wetu tumeuandika kwa lugha ya watu, na ukweli wetu tumeufungia katika lugha ya ofisi. Hilo pekee lingetosha kuwa sababu ya kuviweka pamoja.

"Kidagaa Kimemwozea" inataka Ripoti ya Ndung'u. Mtemi wa Walibora anamiliki ardhi aliyoipata kwa hila na kwa hati za kughushi. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa kinyume cha sheria katika nchi yenye jina, bendera na gazeti rasmi la serikali. Mwaka 2001 serikali ilikuwa imetangaza kuondoa takriban hekta 67,000 katika misitu ya nchi kwa mkupuo mmoja. Kwa msomaji anayeishi ukingoni mwa msitu wa serikali hilo si somo la uraia. Ripoti za tume hazisomwi kwa sababu ni ndefu na zimeandikwa kama adhabu, lakini msomaji ambaye tayari amemchukia Nasaba Bora ana hamu ya kuzisoma ambayo mwalimu wa uraia hawezi kumpa. Kwa mantiki hiyo hiyo "Chozi la Heri" ya Assumpta Matei, ambayo maelfu ya vijana wameisoma kwa ajili ya mtihani, ingefuatwa na ripoti ya Jaji Waki ya mwaka 2008, iliyohesabu vifo 1,133 baada ya uchaguzi wa 2007. Anayeogopa kwamba kijana hataelewa ripoti ya jaji, na ajue kwamba kijana huyo amekwisha kutahiniwa juu ya nyumba ya Ridhaa, mhusika wa riwaya hiyo, kuteketezwa na jamaa zake ndani.

Si kila kazi ya kubuni inayoficha majina. Margaret Ogola katika "The River and the Source", riwaya ya mwaka 1994, anataja Kisumu kwa jina lake, na Akoko, mjane anayedhulumiwa na shemeji yake, anafunga safari hadi huko kudai haki kwa wakoloni. Hapa cha kweli kina kazi tofauti: kinasogeza jambo karibu zaidi. Kenda Mutongi, mwanahistoria wa asili ya Maragoli, alichapisha mwaka 2007 "Worries of the Heart", uchunguzi wa wajane wa Maragoli na jinsi walivyoyatoa machungu yao hadharani ili wanaume waone haya na kuwajibika, na jinsi, kadiri uhuru ulivyokaribia, walivyoanza kudai kama raia wenye haki. Ukivisoma pamoja unagundua kwamba havikubaliani. Akoko anashinda kwa ujasiri wa mtu mmoja aliyeikimbilia serikali. Wajane wa Mutongi mara nyingi wanapata wanachotaka kwa kubaki, kulia, na kuwafanya majirani washindwe kulala. Ni tofauti yenye maana sana katika eneo ambalo kesi za mirathi bado huamuliwa barazani kwa chifu kabla hazijafika mahakamani. Riwaya ikisomwa peke yake, msichana anaweza kudhani kwamba kuna njia moja tu ya kuwa mjane shujaa.

Halafu upo msitu wenyewe, na hapa rafu ya ukweli ni ndefu kiasi cha kuaibisha. Kakamega ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo. Uliwekwa rasmi chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1933, na hifadhi ndogo za Isecheno na Yala zikatengwa ndani yake mwaka 1967. Profesa Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia alianza kuwafuatilia kima wa Isecheno mwaka 1979, na kazi hiyo imeendelea kwa miongo. Mradi wa BIOTA, uliofadhiliwa na Ujerumani, ulileta watafiti kwa karibu miaka 10 kuanzia 2001, wakapima ndege, nyuki, siafu, miti na udongo. Ndani ya mradi huo Nick Mitchell aliandika mwaka 2004 historia ya jinsi msitu ulivyotumiwa na kuharibiwa, akichanganya kumbukumbu za serikali na maelezo ya wazee. Kuna Henk Beentje na kitabu chake kikubwa cha miti na vichaka vya Kenya cha mwaka 1994; kuna Profesa John Kokwaro, ambaye "Medicinal Plants of East Africa", iliyotoka kwanza mwaka 1976, inaorodhesha mimea ya dawa pamoja na majina yake katika lugha zetu, Kiluhya kikiwemo. Nashuku kwamba mtu anaweza kuijua familia moja ya kima wa Isecheno, vizazi na vizazi, kwa undani kuliko anavyoweza kuijua familia yoyote ya watu wa Isecheno, ikiwa atategemea yaliyochapishwa peke yake. Silaumu watafiti, walikuja kufanya walichosema watafanya. Lakini maandishi hayo yako katika majarida yanayouzwa kwa dola, na mkutubi anayeyafuata, akaomba nakala, akaziweka kwenye rafu za Kakamega na Isecheno, atakuwa amerudisha nyumbani kilichochotwa hapa.

Kazi ya kubuni ya kuwekwa kando ya rafu hiyo? Ningependekeza "Nakuruto" ya Clara Momanyi, riwaya inayoshughulikia uharibifu wa mazingira, isomwe na Mitchell kwa upande mmoja na tawasifu ya Wangari Maathai, "Unbowed", ya mwaka 2006 kwa upande mwingine. Hiyo si jozi tena, najua. Lakini msitu ni jambo ambalo linawagawa watu wa hapa kweli kweli, na vitabu viwili havitoshi kuwabeba wote. Yupo anayeokota kuni kwa kibali, yupo anayechoma makaa bila kibali, wapo wanachama wa Muileshi, chama cha jamii kinachoshirikiana na Huduma ya Misitu upande huu wa kusini, na wapo wakulima wa kikundi cha Muliru, ambao badala ya kung'oa msituni walipanda mmea wa dawa mashambani mwao, wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, wakapata Tuzo ya Ikweta ya mwaka 2010. Wapo pia waongozaji watalii walioanzisha shirika la KEEP katika miaka ya 1990 ili kuwafundisha watoto wa shule msitu ni nini. Mwanachama wa Muliru akimsoma Kokwaro hasomi kwa udadisi, anasoma kwa biashara. Maathai atamgusa zaidi yule anayebishana na askari wa msitu, maana kitabu chake kimejaa mabishano na serikali. Mkutubi anayewajua watu hawa kwa kazi zao atajua nani apewe kipi kwanza. Kompyuta inayopendekeza kwa kuangalia wengine walinunua nini haitajua.

Pingamizi la kwanza linalotolewa ni la pesa, na halina haja ya kubembelezwa: vitabu vya kitaaluma ni ghali, na bajeti ya maktaba katika kaunti zetu ni ndogo. Lakini jozi haihitaji nakala 40. Cha kubuni kinahitaji nakala nyingi, na hicho ndicho cha bei nafuu. Cha kweli kinahitaji nakala moja ya kusomewa ndani, isiyoazimwa. Ripoti za tume ni nyaraka za umma na zinaweza kuchapwa. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega, na hakuna sheria inayokataza maktaba ya chuo na maktaba ya umma kuazimana. Safari ndiyo gharama kubwa zaidi. Msomaji wa Isecheno hupitia Shinyalu hadi Khayega, akaingia barabara kuu, kisha apande gari la mjini. Kwenda na kurudi ni nauli ya mlo. Nchi hii ilikwisha kukubali kwamba kitabu kinaweza kumfuata msomaji, ilipoanza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia Garissa na Wajir. Pikipiki za Shinyalu zina kasi kuliko ngamia.

Pingamizi la lugha ni zito zaidi. Ikiwa nusu ya kila jozi iko katika Kiingereza kigumu, je, hatumpi msomaji kitabu kimoja na jiwe? Jibu langu ni kwamba pendekezo lenyewe lazima liandikwe. Mkutubi asielekeze kidole rafuni. Aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili, au kwa Kiisukha akiweza, akieleza kitabu kinasema nini, sura gani isomwe kwanza, na wapi kinapingana na mwenzake. Katika kitabu cha Shilaro, kwa mfano, ukurasa huo ungempeleka msomaji moja kwa moja kwenye sehemu ya mabadiliko ya sheria ya ardhi, na kumruhusu aiache iliyobaki. Mkutubi Nancy Pearl wa Seattle alijulikana kwa kanuni kwamba mtu asome kurasa 50, na kisichomvutia akiache. Nadhani kanuni hiyo ingefaa kubandikwa mlangoni mwa kila maktaba ya Kenya, ambapo mtoto hufundishwa kwamba kuacha kitabu ni utovu wa nidhamu. Na kurasa hizo za mkutubi zikikusanywa kwa miaka mitatu minne, zenyewe zitakuwa maandishi ya Kiswahili juu ya Kakamega ambayo hayapo leo.

Mzazi atauliza: haya yote yanasaidiaje kwenye mtihani? Kwa ukweli, baadhi yake hayasaidii kabisa, na mkutubi asidanganye. Hata hivyo vitabu vilivyowahi kuwa teule vimo ndani ya mpango huu kwa wingi, na mwanafunzi aliyesoma Ndung'u hatakosa la kusema akiulizwa juu ya unyakuzi wa ardhi katika riwaya teule yoyote. Zaidi ya hapo, orodha ya vitabu teule hubadilika kila baada ya miaka michache, na kitabu kilichoondolewa huzikwa. Nakala zake hukaa katika mabweni na maduka ya mitumba bila kuguswa. Mkutubi angeweza kuzinunua kwa bei ya karatasi. Shule zimekwisha kufanya kazi ngumu ya kuwafanya watu wa rika fulani wote wawe wamesoma riwaya ile ile, na kwa muda huo mfupi kijiji kizima kina kitu cha kubishania. Ni hasara kuacha jambo hilo life siku ya karatasi ya mwisho.

Wapenzi wa fasihi wana pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko ya wengine. Watasema kwamba ukiiweka riwaya kando ya ripoti umeifanya riwaya kuwa ufunguo, na msomaji ataanza kutafuta nani ni nani badala ya kusoma. Hatari hiyo ipo. Chukua kazi mbili za Walibora mwenyewe: "Siku Njema" ya mwaka 1996, ambayo shujaa wake anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba, na tawasifu "Nasikia Sauti ya Mama" ya mwaka 2014. Zikitolewa pamoja, msomaji mvivu atatumia moja kuifasiri nyingine, ataamua kwamba riwaya ni maisha ya mwandishi yaliyopakwa rangi, na atakuwa amezipoteza zote mbili. Ndiyo maana jozi hiyo nisingependekeza kwa anayeanza, ingawa ndiyo inayokuja haraka akilini mwa kila mtu. Jozi nzuri ni ile ambayo vitabu vyake viliandikwa bila kujuana. Shaaban Robert hakuwa akiandika juu ya Rosterman, na Shilaro hakuwa akifafanua Kusadikika. Kwa hiyo msomaji hawezi kutafuta nani ni nani, analazimika kufikiri jambo lenyewe, yaani sheria inayolinda mali hadi siku mali hiyo inapoonekana ina thamani. Sanaa haipotei hapo. Karama hawi mtu mwingine kwa sababu tumejua yaliyotokea Kakamega.

Kuna pia wanaohofia mkutubi mwenye maoni. Katika nchi ambayo serikali iliwahi kuamua watu wasome nini, si ajabu watu kutaka maktaba isiyo na upande. Lakini rafu isiyo na upande haipo. Kuna rafu iliyojazwa na mtaala, na rafu iliyojazwa na masanduku ya hisani kutoka ng'ambo, yenye mwongozo wa kompyuta wa miaka 20 iliyopita na hadithi za watoto wanaocheza thelujini. Zote mbili ni mapendekezo, ila hayana sahihi. Mkutubi atie sahihi yake. Akipendekeza Maathai, na aseme kwamba wapo wakazi wanaoona sera za uhifadhi ziliwafukuza kwenye malisho, na atafute kitabu kinachosema hivyo. Msomaji anayemjua mkutubi wake, anayekutana naye sokoni Shinyalu, anaweza kumwambia kwamba amekosea. Mtaala hukutani nao sokoni.

Wapo pia watakaosema kwamba simu inatosha, na juu yake nitasema kidogo tu. Simu inampa mtu jibu la alichouliza. Mkulima wa Isecheno asiyejua kwamba kulikuwa na sheria ya ardhi ya 1930 hawezi kuiuliza.

Ikiwa kaunti ingetaka kuanza kesho, isianze na jengo. Ianze na jozi ya dhahabu, kwa sababu jambo lake halijaisha. Kampuni ya Shanta Gold, iliyonunua mradi wa magharibi mwa Kenya kutoka Barrick mwaka 2020, imekuwa ikipanga mgodi Isulu na Bushiangala, katika Ikolomani, jirani ya Shinyalu, na suala la nani atahamishwa na atalipwa nini limewagawa watu vikali. Chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, ripoti ya tathmini ya athari za mradi kama huo ni waraka ambao umma unapaswa kuusoma na kuutolea maoni kabla ya leseni. Watu hualikwa kwenye mikutano kujadili kurasa ambazo wengi wao hawajaziona. Ripoti hiyo iwekwe mezani mjini Kakamega, na nakala nyingine Isecheno, kila moja ikiwa na ukurasa wa Kiswahili wa mkutubi, "Kusadikika" upande wa kushoto na Shilaro upande wa kulia, na maktaba ifunguliwe hadi jioni katika wiki zote za kutoa maoni.